Nchi Kwanza na Masweta ya Bungu

Bweni la wasichana,
Korogwe.

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za shamba, nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama. Kila ukisema "nchi kwanza, mtu baadaye," mimi huitikia kwa kichwa, lakini moyoni huwa sina uhakika. Basi, nimesema. Usikasirike, mume wangu. Mke mwingine wa kukusomea magazeti utampata wapi?

Hamjambo hapo Misima? Mguu wa bibi unaendeleaje? Mahindi yameshatoa mbelewele? Mimi ni mzima, hata uji wa shule nimeuzoea. Siku hizi nacheka sana, na nataka ujue kwa nini.

Mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za wanafikra wawili wakubwa wa Bara Hindi, wakati nchi yao inatawaliwa na Waingereza. Mmoja alikuwa kiongozi wa kudai uhuru, mwingine mshairi. Kiongozi aliwahimiza watu wachome nguo za kigeni, wasokote nyuzi wenyewe na kuvaa za kwao. Mshairi naye aliutaka uhuru, ila aliogopa kuipenda nchi kusije kukageuka kuwachukia wengine, tena hakuona sababu ya kuchoma nguo wakati maskini hawana za kuvaa. Walibishana hadharani kwa miaka, na bado kila mmoja alimwita mwenzake kwa jina la heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyonishangaza kuliko hoja zao.

Mwalimu akaandaa mdahalo. Mimi nikapangwa upande wa kiongozi, yaani upande wako. Upande wa mshairi akapewa Neema.

Neema anatoka Bungu, kule mlimani, na ndiye rafiki yangu pekee hapa shuleni. Unajua nilivyo mzito wa kuzoeana na watu. Usiku ule aliniambia, "Mwambie Mwalimu unaumwa. Ukinipinga mbele ya shule nzima, usije ukakaa na mimi tena."

Nilidhani ananitania. Nilipokataa, akahamia meza ya wasichana wengine, nami nikawa nakula huku nasoma kitabu ambacho sikukielewa.

Siku ya mdahalo niliitwa mbele. Nilikwenda kwa woga. Ilinipasa kuanza na "Mheshimiwa mwenyekiti," lakini nilipoinua macho nilimwona Neema tu, amenuna, na mdomo wangu ukatamka vile ninavyomwita bwenini.

"Wewe Mshambaa!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini utani wetu na watu wa mlimani unaujua, Babu: mtani akikurushia neno, sharti ulirudishe, na kununa ni mwiko. Nilimwona Neema akijizuia, midomo ikimcheza, mpaka akashindwa. Akasimama bila kuruhusiwa.

"Sema, Mzigua! Sema upesi kabla maji hayajakuishia kooni!"

"Maji yetu machache, lakini tunaoga. Nyie mnaogopa baridi, mnajipaka mafuta mnatoka!"

Mwenyekiti akagonga meza. "Waheshimiwa, rudini kwenye mada!"

Nikarudi, na woga ulikuwa umeshaniacha. Nikasema maneno yako yote. Nikasema pamba yetu inaondoka ikiwa pamba, inaturudia ikiwa shati lililochakaa mgongoni mwa mtu mwingine, na watu wasioweza kujivika wenyewe uhuru wao una tundu. Tuache mitumba.

"Sawa, mtani," Neema akasema. "Nyie, kwenu Handeni, jua ndiyo nguo yenu. Mitumba ikiondoka, sisi Bungu masweta tutatoa wapi?"

"Tutajenga kiwanda."

"Lini?"

"Tukianza leo..."

"Na mpaka kiishe, bibi yangu atetemeke kwa ajili ya taifa?"

Hapo nilimfikiria bibi yangu mwenyewe. "Hapana," nikasema. "Bibi abaki na sweta lake. Lakini mjukuu wake asizeeke akiwa bado anachagua nguo kwenye fungu."

"Hilo nakubali," akasema Neema. "Ila kiwanda chenu kisitufungie mlango wa dunia."

Mikono iliponyooshwa, upande wake ulishinda. Iliniuma, sikufichi. Ila sasa naamini nusu ya maneno yako kwa dhati, na zamani sikuamini hata hiyo nusu. Nikija likizo nataka unibishie kweli, usinihurumie kwa kuwa ni mjukuu.

Nisalimie bibi, umwambie asibebe ndoo mpaka mguu upone. Nisalimie mama, na baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi wa vitumbua, ambavyo naviota.

Jioni ile, baada ya mdahalo, nilichukua sahani yangu ya ugali na maharage, nikaipita meza niliyokuwa nikikaa peke yangu, nikaenda kusimama kando ya Neema. Akasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Tukala huku tukibishana kuhusu kiwanda, mpaka mpishi akatutoa nje.

Mke wako mdogo, anayekupenda na kukupinga,
Mwanaidi