Chachandu ya Mpishi wa Mlimani

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Goti limevimba tena, la kulia. Daktari ameshasema mlima basi — nimepanda vya kutosha, nishuke nikae. Rahisi kusema! Miaka yote hii nimekuwa mpishi wa wageni wa Kilimanjaro. Nashuka nyumbani siku mbili tatu, narudi juu. Sasa niko hapa nyumbani Pasua kila siku na sijui hata vijiko vinakaa wapi.

Banda la nyama choma ni la mke wangu, Salvina. Alilianzisha mwenyewe, mimi nikiwa huko juu. Leo nimejaribu kusaidia. Nimesogeza sufuria ya supu karibu na jiko, ndipo inapotakiwa kuwa. Ameirudisha ilikokuwa. Nimemenya ndizi, amezipitia upya moja moja. Kisha, kwa ule upole anaotumia kwa wateja waliolewa: "Baba Violet, si ukapumzike?"

Pumzika! Neno hilo limeshanitokea puani. Anayeambiwa apumzike ni mgeni.

Ila nimeona kitu. Mezani kwake kuna pilipili ya dukani, ile ya chupa. Wateja wanamwaga nusu chupa na bado wananung'unika kwamba ni maji mekundu tu. Huko mlimani nilikuwa natengeneza chachandu ya matunda, wageni wanasahau baridi. Nalala na wazo hilo.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya misa nimepitia soko la Mbuyuni. Embe hakuna, si msimu wake. Mananasi yapo, yananukia toka mbali. Nimechukua na pesheni, saumu, tangawizi, siki, na pilipili mbuzi za njano na nyekundu, fungu zima. Muuzaji akauliza kama nina hoteli. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nimetoka kanisani muda huo huo.

Nimepika uani, kwenye jiko la mkaa. Violet, binti yetu, akapita anakohoa, kanga mdomoni. Anasoma chuo, maneno hayamwishi. Eti baba, hii siyo pilipili, hii ni noma, majirani watahama. Nimeonja. Safi kabisa! Ndiyo ladha yenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Aibu.

Antoni, fundi pikipiki wa hapo jirani, ndiye aliyeanza kuionja. Nilimwambia nimepika mwenyewe, na Antoni ni mtu wa heshima, kwa hiyo alichovya mshikaki wote. Akatafuna mara mbili. Akasimama. Akaenda bombani, akafungua maji, akaweka mdomo chini na kubaki hapo. Wale wa meza nyingine wakasukuma vibakuli vyao mbali, taratibu, utadhani vina nyuki.

Salvina amekusanya vibakuli vyote. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

Jioni ameniambia, na ni kweli tupu: "Hapa siyo kambi ya Barafu, baba Violet. Watu wa hapa ndimi zao ziko macho." Maana kambi za juu ulimi unalala. Mgeni hasikii chumvi, hasikii utamu. Unamtia pilipili mara tatu ndipo anasema asante, leo chakula kina ladha. Mkono wangu umezoea huko, na ulimi wangu pia. Nimewapikia watu wa Pasua kana kwamba wamelala kwenye mahema mawinguni! Na matunda yamekuwa gundi. Huko juu maji yanachemka kabla hayajapata moto sawasawa, kwa hiyo nimezoea kuacha kitu jikoni mpaka nichoke mwenyewe. Nanasi la watu nimelimaliza utamu wote.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Salvina alicheka kidogo tu, kisha akaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 7 Mei

Valerian amepiga. Ndiye kiongozi wangu wa safari tangu tukiwa vijana. Mwezi ujao wageni ni wengi, anataka nirudi. Na goti? Anasema nitaishia kambi ya kwanza, nitapika hapo, wengine wataendelea. Tunajuana mimi na yeye. Kambi ya kwanza itageuka ya pili, na ya pili itageuka ile ya mwisho. Jibu analitaka Jumapili.

Nimemwambia Salvina. Alikuwa anakata vitunguu. Akasema, "Goti ni lako," akaendelea kukata.

Basi. Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilitaka aseme baki. Neno moja tu. Nikijua nina kazi hapa chini, Valerian nitamjibu leo leo. Lakini kukaa kwenye kiti cha plastiki, namwangalia mke wangu anavyohangaika, na nikiinuka naharibu — hapana. Bora baridi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Goti. Violet ameniletea chai, akasema ninune kwa zamu ili na wengine wapate nafasi. Mdomo huo ameurithi kwangu.

Ijumaa, 9 Mei

Mara ya pili! Safari hii sijaonja. Ulimi wangu hauaminiki, nimeusimamisha kazi. Ameonja Violet. Pilipili mbuzi moja, nimetoa mbegu na ule utando wa ndani: akasema poa. Ya pili: sasa inaanza kuongea. Ya tatu akanyoosha mkono — baba, hapo hapo, usiguse tena. Kwangu mimi ilikuwa juisi. Nimemeza kiburi.

Nanasi nilitaka kulichoma badala ya kulichemsha, na moto mzuri ni wa Salvina tu. Nimeomba. Akaangalia wavu wake wa kuchomea, akaniangalia mimi, akapitisha koleo katikati: upande huu wako, usivuke. Vipande vikaungua kingo, vikatoa harufu ya sukari, mteja mmoja akauliza kama siku hizi tunauza keki. Kisha vyote kwenye blenda, pesheni, saumu, siki, na ndizi kisukari kutoka kihamba chetu, shamba la ukoo kule Kibosho, zilizoiva mpaka zina madoa. Hizo ndizo siri yangu. Zinatuliza ukali, na chachandu inashika kwenye nyama, haitiririki. Motoni dakika chache tu, nikaepua. Kuepua kulinitesa! Mkono unasema bado, bado.

Jumamosi, 10 Mei

Antoni amekuja, amekaa meza ya mbali kabisa na mimi. Nikampelekea kibakuli.

"Meku," akasema, ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, "mimi bado nina watoto wa kusomesha."

Banda zima likacheka, na mimi pia. Nikachovya ndizi ya kuchoma, nikala mbele yake. Akasema wewe siyo kipimo. Kweli. Basi akala Violet. Ndipo Antoni akagusa kwa ncha ya mshikaki, akalamba, akatulia anasikilizia. Halafu akachovya tena. Halafu akavuta kibakuli upande wake, mwenzake aliponyoosha mkono akamwambia aagize chake.

Mpaka alasiri vibakuli vinarudi vitupu. Mama mmoja wa mtaa wa Soweto ameuliza kama anaweza kubeba kwenye chupa akale nyumbani. Salvina ameshinda kwenye wavu wake siku nzima. Lakini wakati wa kufunga nilimwona. Amenipa mgongo, anafuta kibakuli kwa kidole na kulamba. Nilitoka nje nikajifanya natafuta ufagio. Nilikuwa na furaha ya kitoto, sina haja ya kuificha.

Ila baki hajasema. Na kesho Valerian anapiga.

Jumapili, 11 Mei

Naandika kwa jicho moja. Nimeruhusiwa kukaa hapa nje mpaka la pili lifunguke.

Baada ya misa watu wamejaa, mpaka tumeazima mabenchi kwa Antoni. Nimeingia jikoni nikakuta gunia la mkaa lililokuwa pembeni mwa jiko halipo. Mahali pake kuna stuli, na nafasi ya kutosha kunyoosha mguu. Mbele yake meza ndogo, kisu, mananasi. Nilisimama tu. Salvina alikuwa anageuza nyama. Alisema, "Fanya haraka, meza ya dirishani wanasubiri."

Fanya haraka! Tangu nishuke hajawahi kuniharakisha.

Nikakaa. Nikakata. Niko katikati ya pilipili, mikono yote miwili imelowa, simu ikaita. Valerian. Nitaishika na nini? Salvina akaipokea, akaibana kwa bega huku anageuza mbavu za mbuzi. Nilisikia upande wake tu. Salama, shemeji. Yupo, ndiyo. Hapana, hawezi kushika simu sasa hivi.

"Yuko kazini," akasema.

Nadhani Valerian aliuliza kazi gani. Maana Salvina aligeuka, akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye goti, vile anavyokagua mbuzi mnadani.

"Kwangu," akasema.

Kisha akaishusha simu, akaniwekea karibu na mdomo. Shemeji anataka jibu lako, siyo langu, anasema. Nikafungua mdomo. Machozi ndiyo yaliyoanza, nikayafuta — kwa mikono ile ile! Mama yangu! Nilivyoruka, goti lenyewe lilisahau kuuma. Violet akanimwagia maziwa usoni, anacheka hajiwezi. Simu ikakatika. Antoni alisimama mlangoni na mshikaki wake, akasema sasa tumelipana.

Sasa nimekaa hapa karibu na bomba, maziwa yananikaukia kwenye ndevu. Ndani naisikia simu inaita tena. Violet anauliza aniletee. Salvina anamwambia aiache iite, baba yako kwanza amalizie nanasi.