Tatu Mpaka Mwisho wa Kadi

Mpendwa mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na mpwa wangu yu salama pamoja nawe. Mimi ni mzima wa kiasi changu: macho bado yanasoma, miguu inazilalamikia ngazi, nami nailalamikia miguu. Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Usidhani nimenyamaza kwa uvivu. Hii nimeianza mara nne, na mara nne nimeichana.

Umeniambia meno ya binti yako, mpwa wangu, yameanza kucheza, naye hata miaka thelathini na tano hajafika. Kwamba umemshauri ayang'oe yote mapema, kama ulivyofanya wewe, kwa sababu meno ya ukoo wetu ndivyo yalivyo. Na ameshapangiwa siku, mwisho wa mwezi ujao. Basi nivumilie, nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba huku vyeti vyangu vya udaktari wa meno havikumshtua mtu. Miaka ishirini na sita nimeosha vifaa katika chuo cha meno, vifaa vilevile nilivyokuwa nikivitumia mwenyewe. Sasa nimestaafu, lakini kila Jumanne narudi palepale kuwa kinywa cha mazoezi. Nalala kwenye kiti, wanafunzi wananipima fizi. Wananiita Babu Kinywa. Walidhani silijui jina hilo, mpaka siku moja nikaliitikia, wakatazama viatu vyao.

Jumanne iliyofuata barua yako alinipima binti mmoja mwenye mkono mwepesi na haraka nyingi. Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Unakishika kama kalamu, vidole vimelegea. Unakiteremsha kati ya ufizi na jino, kikiwa sambamba na jino, mpaka ufizi wenyewe ukuzuie kwa ulaini. Hapo husukumi tena. Wala hukichomoi: unakitembeza kwa hatua ndogondogo kulizunguka jino zima, ukisoma sehemu sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi. Pale meno mawili yanapogusana unakiinamisha kidogo, kifike chini ya mguso, maana ugonjwa hupenda kujificha hapo kama panya nyuma ya kabati. Milimita tatu kushuka ni uzima; zaidi ya hapo, ufizi umeliachia jino ukafanya mfuko.

Yeye alichoma katikati ya jino, akasoma, akachomoa, akahamia jingine. Mwenzake akawa anaandika. Tatu, tatu, mbili, tatu. Nikainua mkono, nikamwuliza gego la mwisho kushoto limepata ngapi. Akasema tatu. Nikamwambia, binti yangu, hapo pana mfuko wa milimita sita, na ndio uliofanya mnichague nilale kwenye kiti hiki. Mwenzake akacheka. Yeye akanijibu kwamba, babu, kuna foleni huko nje, na fizi nzuri zinajulikana kwa macho tu. Nikapandisha sauti. Akaja mwalimu wao, kijana wa rika la mpwa wangu, akaniambia kwa adabu iliyopigwa pasi kwamba kazi ya mgonjwa ni kufungua kinywa, si kufundisha. Nikakifungua. Lakini machozi yalinitoka, na binti yule akadhani ameniumiza, akaniomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Hakuniumiza. Maneno yale ya foleni na macho niliyajua. Yalikuwa yangu.

Mdogo wangu, mwaka ule kabla sijakimbia nyumbani ulikuja zahanati nikupime. Ulikaa mwisho wa foleni kwa sababu ulikataa kupitishwa mbele kwa undugu. Zamu yako ilipofika nilikuwa nimechoka, nina njaa, na fizi zako kwa macho zilikuwa nzuri. Nilichoma jino moja la mbele na moja la nyuma, katikati, pale ambapo ufizi huweza kuwa mzuri hata kwa mgonjwa. Mengine sikuyagusa. Nilijaza kwa kichwa: tatu, tatu, tatu, mpaka mwisho wa kadi. Ulipotema, mate yalikuwa na damu. Ukaniuliza. Nikakutania kwamba unapiga mswaki kama anayesugua sufuria, ukacheka, ukaenda zako.

Ukakaa miaka minne na neno langu. Meno yalipoanza kulegea uliniandikia huku, nami, badala ya kusema kweli, nikamsingizia bibi mzaa baba. Nikasema naye alibaki kibogoyo angali kijana, ni damu tu, hakuna dawa. Wewe hukumkuta. Mimi nilimkuta. Alitafuna mifupa mpaka wiki aliyokufa.

Sisemi meno yako yote yangepona. Sitaki kukudanganya tena, hata kwa kujilaumu. Lakini mengi yangepona kwa kusafishwa ukoga chini ya ufizi, kazi ya asubuhi mbili tatu ambayo ningeifanya mwenyewe. Badala yake, tangu ukiwa na umri wa miaka thelathini na minane unacheka umefunika mdomo kwa kiganja, hata kwenye picha ya harusi ya binti yako. Na sasa uongo wangu umemfikia naye.

Basi hiyo siku ya kung'oa ifuteni. Mpeleke kwa daktari, umwombe apime kila jino sehemu sita, na azitaje namba kwa sauti mkizisikia. Akichoma mara moja na kuhama, inukeni mwondoke, hata awe mtu wa heshima namna gani. Hasa akiwa ndugu.

Usinijibu kabla hajapimwa. Baada ya hapo niandikie lolote litakalokutoka. Nitalisoma mpaka nukta ya mwisho, sitalichana. Mpwa wangu umpe barua hii aisome yote, si ile nusu inayonifaa. Na majirani wanaonikumbuka wasalimie sana, ila wakiniita daktari, usiwaitikie kwa niaba yangu.

Ndimi kaka yako mkubwa, uliyemfungulia kinywa ukamwamini.