Mama Hajamaliza Kusema

Kuhmo, 4 Februari 2019

Mama mdogo Hilkka, shikamoo.

Hujambo huko Oulu? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila mama yuko vilevile. Tangu kiharusi kimpate Oktoba, mkono wa kulia hauinuki na maneno yanamkwama. Akianza neno, mimi namalizia: kahawa? shali? dawa? Jana nilimletea vyote vitatu, akatupa kikombe ukutani. Mama huyu, ambaye hajawahi kumfokea hata mbwa.

Nimechoka, mama mdogo. Nimejaza fomu ya kumpeleka nyumba ya wazee. Sijamwambia. Nadhani hata hataelewa.

Mwanao,
Tuomo

Oulu, 9 Februari 2019

Mwanangu Tuomo, marahaba.

Goti linanung'unika kuliko mwenye goti. Pole, mwanangu, kuuguza ni kazi. Sikulaumu. Lakini dada yangu amepoteza maneno, hajapoteza akili.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini, na bado mume wangu Arvo alipougua nilimjibia kila kitu. Daktari akimuuliza, najibu mimi. Amekufa, na sijui yeye angejibu nini.

Basi zima redio. Keti chini, macho yenu yakutane. Muulize swali moja, kisha ngoja. Ukidhani umengoja vya kutosha, ngoja tena. Usimwekee neno mdomoni. Na hiyo fomu, mwonyeshe.

Mama yako mdogo,
Hilkka

Kuhmo, 2 Machi 2019

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini u mzima. Nimekawia kwa sababu nilikuwa naona haya. Siku ya kwanza nilishindwa, ya pili pia. Ya tatu nikaketi kwenye kigoda mbele yake nikamuuliza, "Mama, siku ile ya kikombe, ulikuwa unasemaje?"

Ulimi uliniwasha, nikauuma.

"Wewe," akasema. Nikangoja. "Wewe... hulali."

Kumbe mimi nahangaika na anachotaka, naye ananiuliza hali yangu. Nililia, akanifuta kwa ncha ya shali.

Kisha nikampa ile fomu. Aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari.

"Mbona... siri?"

"Niliogopa, mama."

"Mimi... pia."

Nikamuuliza anataka iweje. "Mbili," akasema. Nusura nirukie: wiki mbili? miezi miwili? Nikanyamaza.

"Siku mbili. Huko. Wewe... lala."

Kwa hiyo sasa kila Jumanne na Alhamisi gari la manispaa linamchukua kwenda kwenye kituo cha kutunzia wazee mchana, na mimi nalala kama gogo. Fomu aliichana mwenyewe, upande mmoja kaubana kwa meno.

Usidhani nimekuwa malaika. Juzi nilimmalizia neno, akanigonga vidole kwa kijiko cha uji. Nikamwomba radhi, akaanza upya. Lilikuwa neno tofauti kabisa.

Nilitaka kukuandikia salamu zake, akakataa. Anasema ataandika yeye.

Mwanao,
Tuomo

Kuhmo, 6 Aprili 2019

Hilkka,

Sijambo. Wewe?

Mkono wa kushoto. Barua hii, siku tatu.

Nina mengi. Njoo ukae sana.

Dada yako,
Lempi