Faustin wa Ile Filme

Mujukuu wangu Béatrice,

Salamu kutoka Kabondo. Tuko wazima, ila shangazi yako angali anakohoa.

Unauliza ni nani anayeimba kwa kupaza sauti katika ile filme juu ya bendi yetu ya punk, na kwa nini sijamutaja hata siku moja. Ni Faustin, rafiki yangu. Mimi nilipiga ngoma.

Siku moja, wakati wa utawala wa chama kimoja, askari waliingia kwenye mazoezi yetu. Mukubwa wao akauliza: "Nani aliandika wimbo huu wa kutukana Chama?"

Niliuandika mimi, lakini niliinamisha macho kwenye ngoma yangu. Faustin akanitazama, kisha akasema polepole: "Ni mimi, chef."

Wakamuchukua, hakurudi tena. Mama yake aliniita mwana wake mpaka alipofariki, nami sikumuambia. Wewe ndiwe mutu wa kwanza kujua.

Koko wako,
Léon