Uji wa Lightness na Jike Lisilokula

Jumatatu, 10 Machi 2025
Binti yangu Fidelia kamleta mwanae Lightness kutoka Makambako. Mtoto kabaki mifupa! Hospitali wamesema ni ugonjwa wa kukataa chakula. Arudi wiki ijayo wampime uzito, akishuka tena alazwe. Eti moyo unachoka. Nikasema mwache kwangu. Njombe nzima nani ananenepesha nguruwe kunishinda mimi? Sembuse mjukuu wangu!

Alhamisi, 13 Machi
Hajala. Tangu alfajiri anazunguka shamba la viazi, mbio mbio, na baridi hii. Jike langu la nguruwe nililolitenga na wenzake nalo hivyo hivyo — linazunguka banda, linatafuna majani makavu, pumba haligusi. Dada Anneth, mtafiti wa chuo, kaja kulitoa damu. Anasema wanachunguza nguruwe wa hivi wajue mwili wa mtu asiyekula unaharibikia wapi. Si ukaidi, mzee, ni ubongo na damu. Nikamwambia nimefuga kabla hujazaliwa! Akacheka. Anataka alichinje atazame ubongo. Nimekubali, Jumatano alichukue.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikwenda. Pumba nimezichanganya na ulanzi mtamu wa asubuhi, maji ya mianzi, haujachacha. Jike limelamba! Mimi bwana! Basi nikatia na kwenye uji wa Lightness, kimya kimya. Akanusa. Akaniangalia.
"Mume wangu, sasa unanifuga?"
Utani wetu ule ule wa babu na mjukuu, ila hakucheka. Tangu hapo hata maji ya mkono wangu hapokei. Mungu wangu.

Jumatano, 19 Machi
Jana kapimwa Makambako. Kashuka. Kesho analazwa. Fidelia kwenye simu — baba na sifa zako! Nikakata. Asinisikie nalia.
Anneth kaja na gari. Banda limefungwa kwa ndani! Lightness yumo, kakaa kwenye majani na jike. Anneth akambembeleza, mdogo wangu, tunataka kujua kwa nini halili, tusaidie wagonjwa.
"Si mniulize mimi?"
Anneth akasogea kando.
Nikaleta uji. Mweupe, hauna kitu. Nikaonja mbele yake, nikaupitisha kati ya mbao. Kapokea! Hajanywa. Hajamwaga. Jike linanusa kikombe. Nimekaa hapa kwenye ndoo naandika, nikimtazama nitamharibia. Dereva anapiga honi. Anneth anauliza, mzee, tunalichukua au? Nyamaza kwanza, dada — kikombe kakiinua —