Mkwe, Sijawahi Kukuona Ukicheza

Mkwe,

Umekufa. Jumapili asubuhi Nimwaka alikuletea chai akakuta umeshapoa. Chai ikabaki moto, wewe baridi. Akanipigia simu nikiwa juu ya jengo, nimeshika ndoo ya zege. Akasema, "Mama ameenda." Nikasema, "Ameenda wapi?" Akanitukana. Ndio nikajua.

Wamekuzika siku hiyo hiyo, karibu na mwanao Mejumaa. Nimwaka anasema hapo katikati yenu hata mbuzi hapiti. Mimi sikuwepo. Niko Riyadh, kwa mjengo wa watu, na kafili, mwenye kibali changu cha kazi, hatoi ruhusa ya kwenda Kwale kwa sababu ya mkwe. Ndivyo ilivyo.

Sijawahi kukuandikia. Sijawahi hata kukaa na wewe mkeka mmoja. Kwetu mkwe ni mkwe. Ukitokea njiani mimi naingia kichakani. Ukiingia mlango wa mbele mimi natoka wa nyuma. Miaka yote hiyo maneno yetu ni "hujambo mkwe," "sijambo mkwe," na macho chini. Uso wako siujui vizuri. Miguu yako naijua. Vidole vimepinda, kile kikubwa kimelala juu ya mwenzake, ngozi ngumu kama ya mkono wangu.

Sasa umekufa, naweza kusema. Na kama adabu inafika huko uliko, basi geuka upande wa pili nimalize.

Dunia nzima ilikuona ukicheza ila mimi. Watalii walikuona hotelini Diani. Yule mama mzungu wa bale akakuona hapo, akakuchukua, ukacheza Ulaya na wale wanawake wembamba wanaosimama kwa ncha ya kiatu. Wao na viatu, wewe pekupeku na njuga zako. Picha yako ilikuwa imebandikwa kwa kinyozi wetu. Mimi kijana, nanyolewa, nakuangalia. Picha haichezi. Halafu ukarudi mwaka ule ule nilioposa kwako. Halas. Mtu hamwangalii mkwe akitingisha kiuno.

Siku ya harusi yangu ulicheza kwa wanawake, ndani ya ua wa makuti. Sisi wanaume nje, na pilau yetu. Mara ngoma ikanyamaza. Kimya. Mjomba wangu, aliyekuona zamani hotelini, akaacha kutafuna. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Sasa amesimama kwa vidole." Tukangoja. Mimi nikafikiri labda umeanguka. Halafu kisigino kimoja kikashuka. Du. Nilikisikia kwa nyayo zangu, kimepita chini ya ule ua. Wanawake wakapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Hicho ndicho nilichopata mimi. Kimya na kisigino.

Usiku huo Mejumaa alilia. Nikamuuliza, akasema, "Amekuja kucheza. Hakuja kunioza."

Nafikiri unajua, lakini nakwambia alivyosema, maana mbele yako hakusema. Uliwaacha yeye na Nimwaka wadogo kwa mamako. Nimwaka ndiye aliyemshika mkono kwenda kisimani. Nguo zilikuja, viatu vilikuja, picha zilikuja. Wewe hukuja. Uliporudi ulikuta wanawake wawili wakubwa wanakusalimia kama mgeni. Tulipopata mtoto wa kike watu wote wakajua atapewa jina lako, ndio mila. Mejumaa akamwita Saumu. Wazee wakaja kuuliza. Akawaambia, "Jina la mama limeshazunguka dunia, sasa lipumzike." Wakanigeukia mimi. Mimi nikaangalia chini. Nimezoea.

Halafu akafa na yeye. Sukari. Siku ya mwisho alinishika mkono akasema, "Saumu asicheze hotelini." Nikasema sawa. Mimi nikaelewa asicheze popote. Nikashika hivyo. Palipokuwa na ngoma nilimtuma mtoto dukani.

Wewe ulikuja kumuosha. Ulikataa mtu mwingine asimguse. Ukatoka mikono imelowa, ukasema mbele ya watu, "Vidole vyake ni vyangu." Nikasema ni uchungu wa mama. Watu husema mengi siku kama hiyo. Mimi vidole vya Mejumaa nililala navyo miaka yote na sikuviangalia. Vyako ndivyo nilivyoviangalia. Ona mambo.

Na Ramadhani hii iliyopita ulichukua simu ya Nimwaka ukanipigia. Hata hujambo hukusema. Ulisema, "Saumu anacheza?" Nikasema laini mbaya, sikusikii. Laini ilikuwa nzuri.

Sasa nakujibu.

Siku uliyozikwa nilimwendea bosi. Akaniuliza, "Amekufa mama yako?" Nikasema mama wa mke wangu. "Na mke wako yuko wapi?" Nikasema alikufa. Akaniangalia kwanza, halafu akasema, "Yalla, nenda, urudi upesi." Nikaenda Batha nikapanda basi la Jeddah. Sikutaka Saumu asikie kwa simu kama mimi na ndoo ya zege.

Saumu anafanya kazi Al-Safa, hapo Jeddah, kwa nyumba ya watu. Wana heshima. Madam alisema baba wa Saumu alale chumba cha dereva, kule getini. Dereva ni Msudani, mtu mzuri, anakoroma. Saumu akatoka na unga mikononi. Nikamwambia, "Nyanyako amekufa."

Hakulia. Akasema, "Njuga ziko wapi?"

Mkwe, nilikasirika. Nikamwambia, "Mtu amekufa, wewe unauliza njuga?" Na mimi nilijua ziko wapi. Nimwaka alikuwa ameshaniambia atazitupa shimo la choo. Alisema, "Zimekula familia hii, sasa zikale mavi." Nikamjibu fanya utakavyo. Nilijua namsaidia marehemu mke wangu.

Nikamwambia Saumu hivyo. Ndipo akalia. Akakaa chini kwa mlango wa dereva akalia na unga wake usoni. Halafu akasema, "Baba, kesho ni hina ya binti wa madam. Mimi nacheza."

Nikasema, "Unacheza nini?"

"Ya nyanya."

"Nani alikufundisha?"

Akaniangalia kama anaangalia mtoto. "Mama."

Nikasema, "Mama gani?"

"Baba. Mama. Mama yangu."

Jikoni, mkwe. Mimi nikienda kibarua, wao wanafunga mlango, redio juu, Mejumaa anacheza. Alishika kutoka kwako kabla hujaondoka, udogo ule, na hakuachilia. Wakisikia baiskeli yangu wanaruka kwenye sufuria, mmoja anakoroga, mwingine anapepea. Nakumbuka. Nilikuwa naingia nakuta wote wawili wanatoka jasho na sima bado maji. Nikisema, "Mnapika nini tangu asubuhi?" Mejumaa anajibu, "Kuni mbichi." Miaka mingapi ya kuni mbichi! Na kopo la chumvi. Aliliweka juu kabisa, na alikataa stuli. Nilimtengenezea stuli kwa mikono yangu, akafugia kuku juu yake. Alisimama kwa vidole akachukua chumvi, na alikaa hapo juu kidogo kabla ya kushuka. Mimi nilifikiri anatafuta kitu kingine.

Nikamwambia Saumu, "Lakini mamako alisema usicheze."

Akasema, "Alisema nisicheze hotelini. Alisema, 'Usicheze mahali watu wanatafuna.'"

Hayo ni maneno ya Mejumaa hasa. Nayasikia kwa sauti yake.

Sasa usidhani nilikubali hapo. Huyu mtoto husikia. Ningesema hapana, asingecheza. Alikuwa amesimama anangoja, na mimi nimekaa kwa kitanda cha Msudani, huku nimemuahidi mke wangu, huku wewe umeniuliza swali nikasingizia laini. Nikamwambia, "Nyanyako amezikwa jana, wewe kesho unacheza. Watu watasemaje?" Akasema, "Watu gani, baba? Hapa nani anamjua?"

Kweli. Yule aliyezunguka dunia, na Al-Safa nzima tunaomjua ni Saumu na mimi tu.

Nikauliza, "Watakuwa wanakula?"

Akasema, "Chakula kinaletwa baadaye. Nimemwambia madam."

Nikasema, "Basi cheza."

Kesho yake baada ya alasiri wageni wakaanza kuingia. Wanawake tu. Simu zote zinawekwa kwenye kikapu mlangoni, kwa hivyo hata picha hakuna. Mimi na dereva tumekaa chumbani, ukuta wetu ndio ukuta wao. Unaona bahati yangu? Harusi yangu ua wa makuti, hapa ukuta wa mawe. Nikamwambia dereva zima hiyo AC, inanguruma. Akasema, "Mafi, hapana, joto." Nikaizima mwenyewe. Akanitukana kidogo, akavua shati.

Wapiga tari walikuwa wanawake wa hapo Jeddah. Mkubwa wao ni Bi Zuwena, wazee wake walitoka Unguja zamani zile, Kiswahili chake safi kuliko changu. Waliimba Kiarabu muda mrefu. Halafu tari zikabadilika. Nikazijua. Saumu alikuwa amewafundisha. Haikuwa ngoma ya kwetu kamili, ilikuwa na Jeddah ndani yake, lakini ilikuwa inakwenda kule kule. Dereva akasema, "Hii ni ya wapi?" Nikasema nyamaza.

Tari zikakoma.

Mkwe, kimya kilikuwa kirefu. Nikavua ndara, nikaweka nyayo zangu kwenye vigae. Dereva alidhani nataka kuswali. Nikafikiri labda ameanguka. Yaani hata safari hii nilifikiri hivyo hivyo.

Du.

Kimoja. Kimepita chini ya ukuta, kikaniingia kwa mguu. Halafu vigelegele, vya Kiarabu na vya kwetu, sikujua vipi ni vipi. Dereva Msudani akapiga makofi na hajui kwa nini. Mimi nilicheka. Machozi yalikuwepo pia, lakini zaidi nilicheka.

Baadaye Bi Zuwena akaja getini kungoja gari lake. Mwanamke mnene, tari kwapani. Akasema, "Wewe ndo babaake? Basi mtoto wako katutoa roho. Pale juu kakaa weee, mie nshasoma shahada. Kafunzwa na nani?"

Nikasema, "Mamake."

Usikasirike. Ndio lililotoka. Lakini nimelifikiria ndani ya basi na naona hakuna aliyeibiwa. Mejumaa alikununia miaka yote, hakukupa jina, hakukupa mkeka, na kila asubuhi alikuwa anakucheza jikoni. Na wewe ulijua. Ulipomuosha uliona vile vidole. Ndio maana uliniuliza, na hukuuliza kama mtu anayetafuta habari, uliuliza kama mtu anayetaka kusikia tu. Ningesema ndiyo, ungekufa umesikia. Sikujua, mkwe. Nyumba nzima ilijua, mpaka kuku wa kwenye stuli. Mimi ndiye sikujua.

Anacheza. Ndilo jibu.

Usiku huo huo nilimpigia Nimwaka. Nikasema, "Shemeji, njuga usitupe." Sikungoja ajibu. Nikasema, "Umeshatupa?" Akasema, "Nitupe vitu vya mama yangu? Una wazimu? Ziko chini ya kitanda, nimezipaka mafuta." Nikasema, "Lakini ulisema choo." Akasema, "Nilisema tu. Na wewe ukakubali upesi, mwanamume gani wewe." Akanitukana tena. Naona sasa kazi yako ya kuninyamazia ameachiwa yeye, na hanyamazi.

Nikamwambia ni za Saumu. Akasema, "Za nani mwingine?" Akawa analia, akakata.

Leo Saumu alinisindikiza kwa basi, dereva alitupeleka. Akanichezea akili, akasema, "Baba, nikuonyeshe hapa stesheni?" Nikasema hapana, watu wanatafuna. Alicheka sana. Akaingia na mimi ndani kuweka mfuko wangu juu ya viti. Amenijazia sambusa na tende kama naenda jela. Pale juu ni mbali, na yeye si mrefu. Akainuka kwa vidole, akasukuma mfuko, mfuko umeshaingia, yeye bado yuko juu. Dereva wa basi akapiga kelele, "Yalla, yalla!" Hakushuka mpaka alipotaka.

Nimeona, mkwe. Si yote. Inanitosha.

Sasa niko Suwaidi, huku Riyadh, chumbani. Wenzangu wamemaliza sambusa. Mkono umechoka, huu si wa kuandika. Nikipata likizo nitakuja Kwale kuchukua njuga, nizilete kwa Saumu mwenyewe, si kwa posta. Nitapita kwenu hapo, kwako na kwa Mejumaa. Sitaingia kichakani. Nitasimama katikati yenu, pale mbuzi hapiti, na macho yangu juu. Na Saumu akizaa mtoto wa kike ataitwa jina lako. Hajasema yeye, nasema mimi. Jina lenyewe hapa siliandiki, hiyo adabu bado ninayo.

Lala vizuri. Nyoosha vidole. Msalimie mwanao, na kama bado hamsemezani, mmoja wenu aanze.

Kesho narudi kazini.

Mkweo,
Hamisi