Chumba Kisichosikia Mvua

Mpenzi wangu Baba Nekesa,

Chumba kipo! Nilitaka kuanza kwa salamu za heshima, kama mke anavyopaswa kumwandikia mume aliyetangulia kwa Bwana, lakini nimeshindwa. Kalamu inakimbia mbele yangu. Chumba cha chini ya nyumba, kile ulichokitamani tangu siku niliyokujua, kile ambacho ndugu zako wa Mabanga walikuchekea mpaka na wewe ukacheka nao, kimejengwa hapa Kitale. Nimetoka humo sasa hivi. Viatu vyangu ni vikavu.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana najua ungenikatiza: "Polepole, Mama Nekesa. Anza na noti ya kwanza."

Noti ya kwanza ni Lugulu. Kwaya yetu ya Kitale ilialikwa huko kwenye mkutano wa kanisa, na wewe ulikuja na yako kutoka Mabanga. Zamu yenu ilifika alasiri, saa ambayo mvua ya Bungoma huwa imeshapanga mambo yake. Mlipofungua midomo tu, ikaangukia mabati. Sikusikia neno hata moja. Niliona vinywa vikifunguka na kufungika, na wewe mbele yao ukipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Mwalimu mwingine angewaketisha wasubiri. Wewe uliendelea mpaka ubeti wa mwisho, ukainama kwa adabu, nasi tukapiga makofi ambayo nayo hayakusikika.

Baadaye, kwenye foleni ya chai, nilikusogelea nikakuambia, "Wimbo wenu ulikuwa mtamu sana kutazama."

Ulicheka chai ikakumwagikia mkononi. Halafu ukaniambia neno ambalo sidhani kama msichana mwingine amewahi kuambiwa siku ya kwanza: "Mimi iko siku nitajenga nyumba yenye chumba chini ya udongo. Tutaimba huko. Mvula ipige huko juu mpaka ichoke yenyewe."

Nilikutania kwa hiyo "mvula" yako miaka yote ya ndoa yetu, na kila nilipokutania uliisema kwa nguvu zaidi.

Nyumbani, baba yangu alipopata habari kwamba mchumba wangu anataka chumba chini ya ardhi, aliweka kikombe chini. Wazee wetu walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya kutafuta shamba, na kwao ardhi ni ya kulima. "Kwani huyu kijana ni fuko?" akauliza. Lakini alikupenda. Alipenda kwamba ulijibu swali lake kwa kumwimbia.

Basi tukaoana, tukaenda kuishi kwenu Mabanga, na kiangazi cha kwanza ukashika jembe na mtaimbo. Unakumbuka jinsi ulivyochimba? Ulikuwa ukitoka shule unabadilisha shati, unashuka. Mimi nilivuta ndoo za udongo kwa kamba, tumbo likiwa tayari na Nekesa ndani yake, na mama yako akigombana nasi sote wawili. Ulipofika kwenye ile tabaka ngumu ya maramu ulifurahi kama mtu aliyegonga mwamba wa kujengea kanisa. "Hii ndiyo sakafu, mke wangu! Mungu ameshatuwekea!" Ukapiga mtaimbo, ukaitoboa, ukaendelea chini. Shimo lilikuwa kavu kabisa. Tulikaa humo mchana wa jua kali, baridi yake ikitupoza, ukapiga litungu lako, na sauti ya zile nyuzi ikajaa pale ndani kama maji kwenye mtungi. Nilikuamini. Siku ile hata angekuja nani kunishawishi, nisingemsikiliza.

Halafu masika yakafika.

Ulikuwa umefunika shimo kwa mabati na turubai, ukidhani adui atatoka juu. Asubuhi tuliinua turubai na kukuta maji yamefika magotini, masafi, yametulia, wala juu hapakuwa na tundu. Yalitoka chini. Tulichota kwa ndoo mpaka mikono ikatetemeka, na kesho yake yakawa yamerudi mahali palepale kama mwenye nyumba aliyerudi kwake. Ndipo tukakumbuka kile ambacho kila mtu wa pale alikijua bila kukisema: kisima cha mama yako, msimu wa mvua, unachota kwa kamba fupi. Nyumba ile iko bondeni. Maji yanakaa karibu na uso wa ardhi, kiangazi yanashuka kidogo, mvua ikija yanapanda tena. Sisi tulikuwa tumeenda kukaa kitandani mwa mwenye nyumba alipokuwa safarini.

Ndugu yako Wafula alikuja na watu wake kuangalia. Jioni ile vyura walikuwa wameshaingia, wanalia kwa zamu. Wafula akasikiliza, akakugeukia. "Mwalimu, si kwaya umeipata, bana! Ati na sauti zote nne ziko!"

Nilikuangalia usoni, nikiogopa. Ukanyanyua mikono yote miwili, ukawaongoza vyura. Watu wakaanguka kwa kicheko. Lakini mimi niliyekuwa nimesimama karibu nawe niliona mcheko wako ulikuwa wa mdomoni tu. Litungu lilipata unyevu mwezi ule, ngozi ikalegea, nawe hukuligusa mpaka kiangazi.

Tulipohamia Kitale, baba alipotukatia kile kipande cha mteremko, nilidhani umesahau. Kumbe! Mvua za kwanza tu nilikukuta umevaa gamboti, umechimba tundu jembamba refu pale juu kwenye shamba la mahindi, umelala kifudifudi kwenye matope, tochi mkononi.

"Unatafuta nini?"

"Maji."

"Yapo?"

"Hayapo!" Uliinua uso, udongo mwekundu mpaka kwenye kope. "Kiangazi kinadanganya. Safari hii nauliza wakati wa mvula. Angalia, Mama Nekesa, huu udongo unakunywa tu, hausimamishi kitu!" Kisha ukanionyesha kule chini kwenye matete, karibu na kijito, ukaniapisha kwa kidole: tusichimbe kule kamwe, hata tukipewa bure. Juu, ndiyo. Mlango utazame chini ya mteremko, ili maji yakithubutu kuingia yapate njia ya kutoka yenyewe.

Ulikuwa umekwisha kuchora kila kitu kichwani. Kisha ukaugua. Sitaki kuandika habari za wodini leo. Unazijua, na leo si siku yake. Nitakuambia tu kwamba baada ya mazishi nilikaa muda mrefu nikilipita lile tundu bila kulitazama, mpaka Nekesa alipokuja kutoka chuoni, akalala kifudifudi pale na tochi yake ya simu kama baba yake mtupu. "Mama, bado ni kavu. Tufanye."

Tukafanya. Tulimwita fundi Barasa, yule wa sauti ya besi, mtu wa Malakisi aliyehamia huku. Aliposikia ninachotaka alijikuna. "Mama, chumba ya chini ni ya benki. Watu watasema unaficha nini?" Nikamwambia naficha kwaya. Akacheka, akakubali. Tukakata mteremko, tukainua kuta za mawe, na ukuta wa upande wa juu tukaupaka lami kwa nje. Nyuma yake tukalaza bomba lenye matundu na kulifunika kwa kokoto, ili maji yanayoteremka shambani yashikwe na kuzungushwa kabla hayajatugusa. Mlango, kama ulivyosema, unatazama chini. Majirani walikuja kushangaa mpaka nikawa napika chai kwenye sufuria ya sherehe.

Mvua zilipoanza, tukafanya zoezi la kwanza la kwaya humo ndani. Baba Nekesa, tuliimba! Chumba kilijaa watu na joto, nguo zao zikiwa bado na manyunyu ya njiani. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili nilipomwona Barasa ameacha kuimba. Alikuwa akitazama ukuta. Ukuta ulikuwa unang'aa. Matone yalikuwa yakikusanyika juu ya plasta, yanakutana, yanateremka.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "maji imetupata."

Niliona shimo la Mabanga, nikasikia vyura. Niliona uso wako ukicheka ule mcheko. Watu wakaanza kukusanya vitabu vyao polepole bila kunitazama, na mmoja alishaanza kusema habari za kubomoa plasta.

Nekesa peke yake alisogea karibu na ukuta, akaugusa, akanusa kidole. Akapangusa ukuta ukakauka, akakata vipande viwili vya nailoni, kimoja akakibandika ukutani na kingine sakafuni, akaziba kingo zote kwa utepe wa gundi.

"Kama maji yanatoka kwa udongo," akatuambia, "tutayakuta nyuma ya nailoni. Kama yanatoka kwa hewa, yatakaa mbele. Msibomoe kitu. Rudini Jumatano, mwimbe tena."

Sikupata usingizi mzuri wiki ile. Nilishuka mara kwa mara kuchungulia, na Nekesa akanipiga marufuku kugusa.

Jumatano walirudi wote, hata wasio na kawaida ya kuja zoezi. Tuliimba macho yote yakiwa kwenye kipande cha nailoni. Sijawahi kuimba hivyo, nikimwomba Mungu kwa mdomo na nikipeleleza kwa macho. Matone yakaanza. Yalitokea mbele ya nailoni, madogo kama mtama, upande wetu. Nekesa akangoja yajae vizuri, akashika pembe, akaivuta.

Nyuma palikuwa pakavu! Akapangusa plasta kwa kiganja, akatuonyesha vumbi jeupe. Akaenda sakafuni, akabandua cha pili. Pakavu!

"Ni pumzi zenu!" akapiga kelele. "Ni nyinyi! Ni kuimba kwenu!"

Kumbe Kitale ni baridi, na udongo wa chini ni baridi zaidi, na ukuta unaoegemea udongo huo unakaa kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Pumzi zetu za moto zikiufikia zinageuka matone. Ardhi haikuwa imetuletea hata tone moja. Barasa alinirukia mimi mjane wa watu akaninyanyua juu, kisha akakumbuka adabu akaniweka chini na kuomba radhi. Nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia. Laiti ungekuwepo kuona mtoto wako na ile nailoni mkononi, ameipeperusha kama bendera!

Barasa alitoboa matundu ya hewa, moja chini karibu na mlango, jingine juu upande wa pili, akayawekea wavu. Sasa hewa inaingia na kutoka, na kuta zimeacha kutokwa na jasho hata tukijaa kiasi gani.

Na jana! Jana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tulikuwa chini tangu alasiri, Nekesa akitunasa kwa simu na kipaza sauti chake. Tulirudia wimbo wako ule wa mavuno mpaka sauti ya tatu ikakaa pale ulipokuwa ukiwaambia ikae. Tulipomaliza, mama mmoja wa soprano akafungua mlango ili apige hatua nje, akaganda.

"Ati nini? Kwani kumenyesha?"

Uwanja ulikuwa mweupe. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga, ikararua majani ya ndizi, ikajaza mtaro, ikaondoka zake, na wingu likaonekana kwa mbali likielekea Cherangani. Jirani alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono kichwani, akitutazama kama watu waliofufuka. Alisema alitupigia kelele mpaka koo likakauka. Hatukusikia, mpenzi wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia. Nekesa alituchezea alichonasa, tukiwa tumesimama pale juu ya barafu: sauti nne, safi, na ukimya katikati yake pale ulipouweka wewe.

Watu walipoondoka nilirudi chini peke yangu, nikafunga mlango. Ninayo sauti yako moja tu kwenye simu yangu, ile uliyojirekodi Mabanga ukinifundisha sauti ya pili. Siku zote huwa inanisumbua, kwa sababu nusu yake imefunikwa na mabati. Nikaiweka. Ukaimba, ukakohoa, ukasema, "Ngoja kwanza, Mama Nekesa, mvula inakuja," halafu ikaja, ikakufunika, nawe ukaendelea kuimba ndani yake.

Nimeisikiliza tena asubuhi hii. Ndiyo mvua pekee inayosikika humo ndani, na hiyo sitaki ikome.

Pumzika vema, Mwalimu. Sisi huku tunaimba.

Mkeo akupendaye,
Mama Nekesa